Ubavu wa Kubandikwa



Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tukitoka katika darsa ya alasiri, mama mmoja alitusimamisha mlangoni akatuuliza swali. Alikuwa na sanduku la kale, la misumari ya shaba, alilorithi kwa nyanya yake. Kifuniko chake cha asili kililiwa na mchwa zamani, na fundi seremala akatengeneza kingine, kizuri, kiasi cha kuwa mtu asiyejua hawezi kutambua. Sasa amepata mnunuzi kutoka Nairobi anayetafuta vitu vya kale, naye hakuuliza lolote juu ya kifuniko. Mama akasema: "Sheikh, nami ni lazima nimwambie, hata kama hakuuliza?"

Jibu lake ni fupi, nasi tulimpa palepale. Lakini tulipofika nyumbani tulikumbuka kisa kilichotupata ugenini, siku ambayo swali kama hilo liliulizwa mbele yetu, nasi, kwa aibu yetu, tukanyamaza. Leo tumeona tukisimulie.

Mwaka 2008 tulialikwa Marekani kusalisha tarawehe katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, ambako mwana wa dada yetu amehamia na mkewe na watoto wao. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwezi wa Septemba. Baada ya Idi tulibaki wiki chache kumtazama mpwa wetu na jamaa zake.

Asubuhi moja alituambia, "Mjomba, leo twende tukatazame mbavu." Sasa, mji wa Kansas City umejulikana Marekani nzima kwa nyama ya kuchoma, na hasa kwa mbavu. Tukamuuliza, "Mbavu za mbuzi au za ng'ombe? Na aliyechinja ni nani?" Mkewe alicheka hata akaketi chini. Kumbe mbavu alizokusudia mpwa wetu ni za bunduki.

Hatuna budi kueleza, kwa maana wengi wa wasomaji wetu, kina mama hasa, hawana haja na elimu hii. Bunduki ya marisawa hairushi risasi moja. Hurusha chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, na kazi yake ni ndege na wanyama wadogo. Mwenye kuipiga halengi kwa kutulia kama apigaye bunduki ya risasi moja. Hufuata kwa jicho kitu kinachokwenda kasi angani. Ndiyo maana juu ya mtutu huwekwa utepe mrefu wa chuma, bapa, ulioinuliwa juu ya vijiguu vidogo, wenye kishanga mwishoni, ili jicho liwe na njia iliyonyooka ya kupitia. Huo utepe ndio wauitao ubavu. Tena una faida ya pili. Mtu apigaye mara nyingi mfululizo, kama wale washindanao kuvunja visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, mtutu wake hupata moto, na hewa ya moto hupanda mbele ya macho yake ikichezacheza kama mangati ya mchana. Nafasi zilizo chini ya ubavu hupitisha upepo, na utepe wenyewe huliondolea jicho ule mchezo wa hewa.

Mpwa wetu alikuwa na bunduki moja tu ya kale, nayo aliipenda mno. Ilikuwa Winchester, aina iitwayo Model 12, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912. Aliyeibuni ni mhandisi T. C. Johnson, naye alijenga juu ya kazi ya John Browning aliyemtangulia. Zilitengenezwa New Haven, jimbo la Connecticut, karibu milioni mbili, hata gharama ya kuchonga kila kipande kwa chuma kigumu ikakishinda kiwanda, nacho kikaacha kuzitengeneza kama kawaida katikati ya miaka ya 1960. Nyingi zilitoka kiwandani na mtutu mtupu, usio na ubavu. Zilizotoka na ubavu zilikuwa chache na ghali, na leo ndizo zinazotafutwa na wakusanyaji.

Lakini wawindaji na wapiga visahani wengi waliokuwa na mtutu mtupu walitaka ubavu baadaye. Basi wakazipeleka bunduki zao kwa mafundi wakabandikiwa. Fundi mashuhuri kuliko wote wa kazi hiyo alikuwa katika mji uleule wa Kansas City, kwa jina la Simmons, na ubavu wake ulisifiwa kwa unyoofu na uimara. Wako waliosema ni bora hata kuliko wa kiwandani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kitu kilichobandikwa baadaye ni kitu kibovu. Hapana. Ni kitu kingine tu, na bei yake ni nyingine.

Mapenzi haya mpwa wetu hakuyaanzia Marekani. Aliyapata kwa babu yake, yaani marehemu baba yetu. Baba alikuwa na shamba la mahindi na minazi wilayani Kilifi, na nyani na nguruwe mwitu hawakumpa usingizi. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru akapata kibali, akanunua bunduki ya mitutu pacha, kazi ya Birmingham, kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Kisa cha ununuzi ule tulikisikia mara nyingi hata tukakihifadhi.

Bunduki ya mitutu pacha ina mbavu mbili, wa juu na wa chini, zilizolehemiwa katikati ya mitutu ili kuishikamanisha. Lehemu ikiachia mahali, huwezi kuona, lakini unyevu huingia ndani, na kutu hula chuma kutoka upande usioonekana. Sembuse kwetu, penye upepo wa bahari. Baba alikuwa ameelekezwa na fundi mmoja namna ya kuijua. Unaitoa mitutu katika kitako, unaining'iniza kwa kamba, kisha unaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikiwa mbavu zimeshika sawasawa, italia kama kengele, na sauti itadumu. Ikiwa zimeachia, itatoa mlio mfu, kama chungu chenye ufa.

Akaining'iniza katika tawi la mwembe mbele ya nyumba ya Mzungu yule. Kabla hajaigonga, mwenye mali akamwambia, "Ngoja. Usijisumbue. Ubavu wa chini umeachia karibu na mdomo, nami nilitaka kukuambia tulipokaa kunywa chai." Kisha akapunguza bei bila kuombwa. Baba akainunua, akaipeleka kwa fundi Mombasa ikalehemiwa upya, naye akaitumia miaka mingi. Kila alipoisafisha alituambia jambo moja: "Bunduki hii niliinunua na aibu yake, kwa hiyo haikunipa aibu." Baada ya kufariki kwake tuliirudisha kituo cha polisi kama sheria inavyotaka, maana kibali ni cha mtu, hakirithiwi na wanawe. Mpwa wetu alikuwa mtoto siku ile, naye alilia.

Basi tulikwenda naye kwa fundi wa bunduki, mzee wa Kimarekani mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Sisi tulikuwa wageni wa viza, hatukushika kitu. Tuliketi juu ya ndoo tukatazama. Mpwa wetu alieleza kwamba aliinunua bunduki ile miezi sita nyuma, katika soko la bunduki za kale, kwa dola 950, na muuzaji alimwambia kwamba ubavu ule ulitoka nao kiwandani. Kwa nambari yake ilikuwa ya miaka ya mwanzo ya 1950. Alitaka tu kuthibitishiwa.

Mzee akavaa miwani, akaielekeza bunduki dirishani. Hakuchukua muda. Alimwonyesha muhuri mdogo wa kiwanda, ule unaopigwa baada ya mtutu kujaribiwa. Akasema kwamba bunduki zilizotoka kiwandani na ubavu, muhuri wao uliwekwa pembeni, kwa sababu katikati pamekaliwa na ubavu. Katika bunduki ya mpwa wetu muhuri ulikuwa juu, katikati kabisa, kama wa mtutu mtupu. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta, akasugua ubavu ubavuni, karibu na kijiguu cha kwanza, penye uchafu wa miaka mingi. Herufi zikatokea, ndogo sana: jina la Simmons na jina la mji ule tuliokuwa tumekaa.

Mzee akasema kwa upole, "Ni kazi nzuri sana, kijana. Mimi ningependa kuipiga bunduki hii kuliko nyingi zilizo za asili. Lakini haina thamani ya dola 950. Labda 600."

Mpwa wetu hakusema neno njia nzima.

Laiti mambo yangeishia hapo, kingekuwa kisa cha mtu aliyepunjwa sokoni, na visa hivyo ni vingi. Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa shida. Tarehe 15 Septemba, katikati ya Ramadhani, benki kubwa ya Lehman Brothers ilianguka, na tetemeko lake likafika hata katika maghala ya Missouri. Mpwa wetu alipunguziwa saa za kazi, kisha akapunguziwa tena. Kodi ya nyumba ilikuwa inamkabili. Akaamua kuuza bunduki. Naye alikuwa na mnunuzi tayari, mfanyakazi mwenzake, mkusanyaji wa Winchester za zamani, aliyewahi kuiona na kuitamani. Alikuwa yuko tayari kutoa dola 1,000.

Na hapa tuseme kweli yote, maana nusu ya kweli ndiyo iliyotuleta hapa. Kabla hatujasafiri, mpwa wetu alikuwa ameahidi kutusaidia kuezeka paa la madrasa yetu. Mabati yalikuwa yametoboka, na masika yakifika watoto walisoma wakiwa wamejibanza upande mmoja. Jioni ile alituambia, "Mjomba, nikiiuza kwa elfu moja, mia mbili za paa. Nimeshaahidi." Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Nami si niliambiwa ni ya asili? Mimi sikusema uongo. Nitamwambia nilivyoambiwa. Akitaka kuchunguza, achunguze, macho anayo."

Wasomaji wetu, sisi tumesoma mlango wa biashara katika fiqhi, tena tumeusomesha. Tunajua kwamba muuzaji anayeijua aibu ya mali yake hana ruhusa ya kuificha, awe ameulizwa au hakuulizwa. Tungeweza kumtajia kwa pumzi moja. Badala yake tulitazama sahani, tukaona mabati mapya. Tukasema, "Tutafikiri." Hilo ndilo neno tulilolitoa, na hadi leo tukilikumbuka uso wetu hupata joto.

Aliyesema ni mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Akasema, "Baba watoto, uniwie radhi mbele ya Mjomba. Huu mkufu wangu unaujua." Akaushika shingoni. "Ni wa mamangu. Ulikatika yeye akiwa mwari, sonara akatia pingili tatu mpya. Dhahabu ya pingili hizo si sawa na ya mkufu, lakini alizing'arisha hata mtu haoni. Mama aliponivisha siku ya harusi, alinishika kidole akanipapasisha pingili moja baada ya moja. Akaniambia, 'Hizi tatu si za asili. Siku ukikwama ukataka kuuza, mpapasishe mnunuzi hapa.' Sikuwa nimemuuliza. Wala nisingejua hata kufa."

Kisha akasema, "Jana, kabla ya kwenda kwa fundi, ungeweza kusema hujui. Leo unajua." Akarudi jikoni.

Hapakuwa na la kuongeza. Tulichoongeza sisi ni kumwomba mpwa wetu radhi kwa kunyamaza kwetu, na kumwambia kwamba paa la madrasa haliezekwi kwa fedha ya namna hiyo. Mvua ni nyepesi kuliko hiyo.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Mpwa wetu akamwonyesha muhuri ulipo na unapotakiwa kuwa, akamwonyesha jina lililo ubavuni, akamweleza alivyouziwa. Yule bwana alisikiliza, akashukuru, akainama akaitazama tena kwa muda mrefu. Kisha akasema yeye hukusanya za asili tu, akaenda zake. Hakurudi.

Tulidhani pengine atarudi, akiwa amevutiwa na uaminifu, atoe bei nusu kwa nusu. Hivyo ndivyo visa vya mimbari huisha. Hakurudi. Mpwa wetu alilipa kodi ya Novemba kwa kukopa kwa rafiki, na mkewe akaanza kushonea watu nguo nyumbani. Nasi tukarejea Mombasa bila mabati.

Bunduki iliuzwa majira ya kuchipua yaliyofuata, kwa dola 550. Aliyeinunua ni bibi mmoja wa makamo, mshindani wa kupiga visahani vya udongo. Yeye hakuwa mkusanyaji. Alitaka bunduki ya kupiga, tena alitaka ubavu ule hasa, kwa sababu babake alikuwa na mmoja kama huo. Mpwa wetu alipoanza kumweleza habari za muhuri, akamkata kauli, "Najua, najua, ndiyo maana nimekuja." Ilikuwa bunduki ileile, na ubavu uleule. Kwa mmoja ulikuwa kasoro, kwa mwingine ndio uliomleta. Lakini kila mmoja alipewa nafasi ya kuchagua akiwa macho wazi, na hiyo ndiyo haki ya mnunuzi ambayo muuzaji hana mamlaka ya kuipunguza.

Madrasa iliezekwa mwaka mmoja baadaye, kwa mchango wa wazazi, shilingi hamsini hamsini na mia mia. Mpwa wetu naye alituma chake, kidogo.

Sasa turudi kwa mama yetu wa sanduku. Tulimwambia: mwambie mnunuzi, na umwambie kabla hajatoa mkoba. Usingoje aulize, kwa maana hajui la kuuliza. Wewe ndiwe uliyekaa na kitu hicho, wewe ndiwe ujuaye palipovunjika. Na usimwambie kwa unyonge, kana kwamba unaungama jinai. Mwambie kama mtu anayesifu kazi ya fundi wake: hiki kifuniko si cha asili, lakini tazama kilivyopatana. Sanduku lililotengenezwa si sanduku baya. Lina historia ndefu zaidi tu.

Na nyinyi mlio na vitu vya wazee majumbani, vikuku, makasha, milango, saa za ukutani, tunakushaurini jambo moja dogo. Wakati wazee wenu wangali hai, waketisheni mwaulize: kipi ni cha asili, na kipi kimetiwa baadaye, na ni nani aliyekitia? Kisha waambieni wanenu. Mama wa mke wa mpwa wetu hakumwachia bintiye mkufu tu. Alimwachia mkufu na pingili zake tatu, naye siku ya haja akawa na la kusema, alipokosa la kusema sheikh aliyekuwa amekaa mezani.

Na kwa nyumba chache ambazo marehemu aliacha bunduki ya kale, kama ilivyotokea kwetu: hiyo si ya kuwekwa juu ya kabati wala kuonyeshwa wajukuu, hata kama inasemekana imeharibika. Ipelekeni kituo cha polisi na karatasi zake, mpewe stakabadhi. Na aliye ugenini, kwenye nchi inayomruhusu kuwa nayo, aitie kasha la chuma lenye kufuli, na marisawa yake mbali nayo, ufunguo usikae mahali ajuapo mtoto. Tena akiwa nayo ya mitutu pacha, asikubali ichovywe katika dawa ya moto ya kutia weusi ili ipendeze. Mzee wa Missouri alituambia kwamba dawa ile hula lehemu iliyoshika mbavu, na bunduki hutoka nzuri machoni, imeachia ndani.

Majuzi mama yule alitusimamisha tena mlangoni. Mnunuzi wake amelichukua sanduku. Bei ameipunguza, kidogo. Na kabla hajaondoka, akamuuliza jina la fundi aliyetengeneza kifuniko.